Namba Bila Umri Haisomeki: Mhadhara Kuhusu Kipimo cha ALP

Ninyi wananchi mliokuja jioni hii na majibu ya vipimo mkobani (najua mpo):

Nitazungumzia mstari mmoja tu wa kipimo cha ini, ule ulioandikwa ALP, yaani alkalini fosfatasi. Kwa mtu mzima, maabara nyingi huhesabu yuniti 40 hadi 130 hivi kwa lita kuwa kawaida, ingawa kila maabara ina mipaka yake. Ikizidi hapo, mashine hubandika herufi H pembeni, na mgonjwa huondoka dirishani akiwa amekwisha kujihukumu kuwa ini lake ni bovu.

Lakini kimeng'enya hiki si mali ya ini peke yake. Mwaka 1923 Robert Robison, wa Taasisi ya Lister jijini London, alikihusisha na kukomaa kwa mifupa ya wanyama wachanga. Seli zinazojenga mfupa hukitoa kwa wingi. Kondo la nyuma hukitoa. Utumbo nao hutoa kidogo, hasa baada ya mlo wa mafuta kwa baadhi ya watu wa makundi ya damu O na B. Damu inayotolewa mkononi imebeba vyote hivyo kwa pamoja, na kipimo cha kawaida hakivitenganishi.

Chukueni kijana wa miaka 14: sauti imeanza kukwaruza, suruali ya shule imepanda juu ya vifundo vya miguu. ALP yake ni 380. Karatasi yenye mipaka ya mtu mzima itamwandikia H, ilhali hiyo ni mifupa inayorefuka, basi. Mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho anaweza kufika mara mbili ya kawaida kwa sababu ya kondo, wala hahitaji tiba. Hata mtoto wa chini ya miaka 5 anaweza kupanda mara kadhaa bila ugonjwa wa ini wala wa mfupa, kisha akashuka mwenyewe baada ya wiki au miezi.

Chanzo tunakijuaje? Kuna kipimo jirani, GGT, ambacho mfupa hauchangii. Vyote viwili vikipanda, tutazame ini na mirija ya nyongo, tukikumbuka kwamba pombe na baadhi ya dawa za kifafa nazo huvuruga hesabu. Wengi hudhani seli za ini zimekufa zikavuja. Sivyo hasa: nyongo ikizibiwa njia, ini lenyewe huzidisha kutengeneza kimeng'enya. Ndiyo maana jiwe kwenye mrija, au uvimbe wa kongosho, huipandisha ALP, na altrasaundi huwa hatua inayofuata. Kifua kikuu kilichoingia ini hufanya vivyo hivyo, mara nyingi bila macho kuwa ya manjano. Daktari wa huku kwetu asikisahau.

GGT ikiwa tulivu, tuulize mifupa: upungufu wa vitamini D, mvunjiko unaounga, saratani ya tezi dume iliyofika uti wa mgongo, na kwa wanaokunywa maji yenye floraidi nyingi huko Arusha na Meru, madhara ya floraidi yenyewe.

Namba ya chini hudharauliwa, nami sioni sababu. Kimeng'enya hiki hakifanyi kazi bila zinki na magnesiamu. Damu ikiingizwa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, kemikali ya kuzuia kuganda huyanyakua madini hayo na ALP huporomoka. Mtaalamu wa maabara akikuta ALP chini, kalsiamu chini na potasiamu juu kupita kiasi, aikague chupa kabla ya kumwita mgonjwa. Sampuli safi ikirudia jibu lilelile, na mtoto aling'oka meno ya utotoni mapema pamoja na mizizi yake, basi tufikirie ugonjwa adimu wa kurithi wa upungufu wa kimeng'enya hiki.

Ombi langu kwa maabara zetu: umri, jinsia na ujauzito viandikwe kwenye fomu, na mipaka ichapwe kwa kuvifuata. Nanyi wananchi, mkiambiwa ALP imepanda, kabla ya kununua dawa ya kusafisha ini, ulizeni kwanza kama GGT imepimwa.