Sakafu ya Ghorofa Inapobonyea
Nyumba nyingi za kata ya Ulaya, wilayani Kilosa, hazina ghorofa, lakini anayetarajia kupandisha moja ana mengi ya kujifunza kutoka Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako sakafu za juu hubebwa na boriti, yaani miti ya mikoko inayolazwa kutoka ukuta hadi ukuta na kufunikwa kwa mawe na chokaa. Boriti huoza hasa kwenye ncha zilizozama ukutani, ambamo unyevu wa paa linalovuja hujificha, kwa hiyo kuisawazisha sakafu iliyobonyea kwa kumwaga zege juu yake ni kosa la hatari, kwani huongeza uzito. Wakazi wahame kwanza, sakafu itegemezwe kwa mirunda, uvujaji uzibwe, ndipo fundi abadilishe boriti moja baada ya nyingine.