Nywele za Mtu wa Makamo: Umri, Rangi na Msamiati wa Kichwa cha Mwanamume



Nilipopewa heshima ya kutoa mhadhara huu niliombwa nizungumzie uhusiano wa lugha na jamii. Mada hiyo ni pana kama bahari, na anayejitosa humo bila chombo huzama. Nimechagua chombo kidogo: nywele za mwanamume aliyekwisha kuvuka miaka arobaini na mitano, ambaye ameamua kuziacha zifike mabegani na kuzitia rangi. Naona baadhi yenu mnatabasamu. Tabasamu hilo ndilo data yangu ya kwanza. Hoja ninayotaka kuitetea ni kwamba Kiswahili husoma umri wa mwanamume kichwani mwake, na kwamba mwanamume anayeyabadili maandishi hayo hadharani hukuta lugha ina maneno mengi ya kumcheka na haina hata moja la kumwita kwa adabu.

Nianze na neno makamo. Tunasema "mtu wa makamo" tukimkusudia mtu ambaye si kijana wala si mzee. Neno lenyewe limetokana na Kiarabu, maqam, yaani mahali pa kusimama, na kutoka hapo daraja au hadhi. Ndugu yake tunakutana naye kila siku katika ofisi za serikali na za vyuo: makamu wa rais, makamu mkuu wa chuo. Hata kaimu ametoka katika istilahi hiyohiyo ya Kiarabu, qa'im maqam, yaani asimamaye mahali pa mwingine. Kwa hiyo tunapomwita mtu kuwa ni wa makamo hatumhesabii miaka tu, bali tunamwonyesha kiti chake. Siku hizi vitabu vya afya vimeeneza istilahi "umri wa kati", na si mbaya. Lakini istilahi hiyo hupima njia aliyokwisha kuitembea mtu, ilhali makamo hutaja mahali alipokalishwa. Tofauti hii ni kubwa, maana mtu hawezi kukosea katika kuwa na miaka hamsini, ila anaweza kuambiwa ameacha kiti chake.

Kiti hicho kina alama, na alama ya kwanza ni mvi. Hili ni neno letu la Kibantu: Wanyarwanda husema imvi, Waganda envi, Wakikuyu mbuĩ. Zingatieni kwamba mvi si rangi. Mvi ni nomino inayosimama peke yake, na kitenzi chake ni kuota. Hatusemi kwa kawaida kwamba nywele za fulani zimegeuka nyeupe. Twasema ameota mvi, kana kwamba kichwani mwake kumechipua mmea mwingine kabisa. Sayansi inatwambia kinyume chake, kwamba unywele ule ule umekosa rangi kwa kuwa chembe zinazoitengeneza kwenye shina lake zimepungua au zimeacha kazi. Lakini lugha haikungoja maabara. Tukichukua pia neno shaibu, yaani mzee sana, tunaona Kiarabu nacho kimepita njia hiyo, kwa kuwa shaibu kwa asili ni mwenye mvi. Kinyume chake ni shababi, yaani kijana. Wale wanaopenda kutania wana msemo wao tayari: shaibu ajifanyaye shababi.

Matokeo ya sarufi hii ni haya. Ikiwa mvi ni kitu na si rangi, basi anayetia rangi habadili chochote: anaficha. Na kweli vitenzi vinavyofuatana na mvi katika mazungumzo ni kuficha, kufunika, kuua. Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu mwambao wetu una rangi za nywele za aina mbili, na hadhi zake hazilingani.

Ya kwanza ni hina. Majani ya mhina hukaushwa, husagwa, hukorogwa kwa maji ya vuguvugu na kuachwa kwenye nywele kwa saa kadhaa. Kiini chake cha rangi hushikamana na unywele wenyewe, na juu ya mvi hutoa rangi ya machungwa yenye wekundu ambayo hakuna binadamu wa mwambao aliyezaliwa nayo. Wazee wa Lamu, Mombasa na Unguja wanaotia ndevu zao hina hawamdanganyi mtu. Nyuma yao pana mapokeo ya dini: Hadithi iliyomo katika mkusanyiko wa Muslim inaeleza jinsi Abu Quhafa, babake Abubakar, alivyoletwa siku ya ufunguzi wa Makka, kichwa na ndevu vikiwa vyeupe kabisa, na Mtume akaagiza weupe ule ubadilishwe ila iepukwe rangi nyeusi. Wanazuoni wamejadiliana sana kama weusi umeharamishwa au haupendezi tu. Kwa mwanaisimu linalovutia ni kwamba katika mapokeo haya rangi inayojitangaza ndiyo iliyokubalika, na inayojificha ndiyo iliyotiliwa shaka.

Ya pili ni nyeusi: piko kwa wengine, na kanta kwa watu wengi wa Tanzania bara. Huyu wa kanta anataka asijulikane. Huipaka usiku, mlango ukiwa umefungwa, na asubuhi hutoka akiwa na kichwa cheusi tii kuliko alivyokuwa na miaka ishirini. (Niseme kwa faida ya vijana, kwamba rangi nyingi nyeusi za madukani, pamoja na zile zinazouzwa kwa jina la hina nyeusi, zina kemikali inayoweza kuwasha, kuvimbisha na kubabua ngozi, kujaribu tone dogo nyuma ya sikio saa 48 kabla ya kupaka si woga.) Jamii inamjua, inamcheka kidogo, na inamsamehe. Anasamehewa kwa sababu ameheshimu kiti: amekubali kwamba mvi ni jambo la kusitiri, na nywele zake ameziacha fupi.

Hapo tunafikia urefu, na msamiati unakuwa mkali zaidi. Fundi wa nywele za wanaume anaitwa kinyozi, kutokana na kunyoa. Fundi wa nywele za wanawake anaitwa msusi, kutokana na kusuka. Mmoja ametajwa kwa kuondoa, mwingine kwa kutengeneza kilichopo. Mwanamume ambaye hataki kuondolewa kitu hana fundi wake katika lugha. Itambidi avuke barabara aingie saluni ya kina mama, na akiingia humo huwa amekwisha kusema jambo kabla hajafungua mdomo. Methali zetu nazo zimekaa upande wa wembe. Ukiona mwenzako ananyolewa, tia maji. Kinyozi hajinyoi. Hiyo ya pili, kwa hakika, inamhusu pia anayejitia rangi, maana hakuna aliyewahi kukipaka kisogo chake mwenyewe akakifikia chote.

Unywele wa kichwani hukua kwa takriban sentimeta moja kwa mwezi. Kutoka upara wa wembe hadi mabegani ni safari ya zaidi ya miaka miwili, na katika miezi ya katikati nywele huwa timutimu, si fupi wala si ndefu. Wengi huiacha safari hapo. Lakini zingatieni kitenzi tulicho nacho kwa safari hiyo: kufuga. Twafuga nywele, twafuga ndevu, twafuga kucha, kama tufugavyo mbuzi na kuku. Ni kitenzi kizuri mno. Kinakiri kwamba jambo hili ni kazi ya kila siku yenye kulisha, kusafisha na kuvumilia, na wala hakina kejeli ndani yake.

Sasa nijibu pingamizi ninalolisikia mara nyingi, kwamba mwanamume kuwa na nywele ndefu zenye rangi si mila ya kwetu. Pingamizi hili halina ukweli. Morani wa Kimaasai hufuga nywele, huzisuka nyuzi nyembamba, na kuzipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, ilhali wanawake wa jamii hiyohiyo hunyoa vichwa. Mila ipo. Kinachoizuia ni wakati. Katika sherehe ya Eunoto nywele hizo hunyolewa, na mnyoaji ni mama wa morani mwenyewe. Kuanzia hapo anashika njia ya uzee na kuruhusiwa majukumu ya ndoa na ya mji. Nywele zinaanguka ili mtu apate makamo. Na kama ni wazee wenye nywele ndefu, tumeishi nao tangu ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulipoanza mwaka 1896: Kalasinga, ambaye hakati nywele zake maisha yake yote, huzifunga chini ya kilemba, na hakuna anayemwona kuwa amekataa uzee.

Siasa nayo iliingia kichwani. Mwishoni mwa mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kung'arisha ngozi, kwa jina la utamaduni wa taifa. Jirani zetu wa Malawi walikwenda mbali zaidi: katika miaka ya 1970, chini ya Banda, nywele ndefu za wanaume zilikuwa kosa la jinai, na mgeni aliyewasili nazo aliweza kunyolewa mpakani. Amri zile zimepita. Afro ya miaka ya 1970 na kalikiti ya miaka ya 1980 zilikuja zikaondoka vilevile. Neno rasta limesafiri kwa namna ya pekee: limeingia likiwa jina la waumini, likawa jina la mtindo wa nywele, na leo Tanzania ni jina la nywele za bandia zinazouzwa kwa vifurushi sokoni.

Msikilizaji makini atakuwa ameshanitazama kichwani. Ndiyo, nywele zimefika mabegani, na rangi yake ni ya hina. Sikuja kujitetea. Nalitaja kwa sababu mtafiti huyu kwa miaka mitatu amekuwa chombo cha utafiti bila kukusudia. Kabla ya hapo, nikiwa na mvi fupi, vijana waliniamkia "Shikamoo" bila kufikiri. Sasa wananitazama kwanza. Kuna nukta ya kimya, fupi sana, ambamo kijana anatafuta umri wangu na haupati mahali alipozoea kuupata. Wengine huniambia "Mambo", wakisikia sauti yangu hujirekebisha kwa aibu. Kondakta mmoja ameamua kuniita anko, nami namwona ni mwanaisimu hodari. Shangazi yangu, kwa upande wake, huniuliza kila Idi ni lini nitanyoa, na ninajua anachouliza: anauliza ni lini nitarudi kitini ili naye apate kusema mbele za watu kwamba mtoto wa kaka yake ni mtu mzima. Swali hilo si jepesi, na sitawaambia kwamba nimepata jibu lake. Shikamoo ni kitu cha thamani. Anayeipoteza hupungukiwa kweli, na siwaoni kuwa wajinga wale wasiokubali kuipoteza.

Kazi iliyo mbele ya wanafunzi wa leksikografia ni nyembamba na inawezekana. Mlimbwende, neno lililomfaa mtu yeyote apendaye kujipamba, limeelemea kwa wasichana wa mashindano ya urembo. Mtanashati hutaja nguo kuliko kichwa. Shababi ni wa umri mwingine. Nendeni saluni, nendeni kwa vinyozi, kaeni kwenye mabenchi yao mkiwa na daftari, muandike jinsi mtu wa makamo aliyefuga nywele anavyotajwa akiwapo, na anavyotajwa akishatoka. Mtakachokipata katika safu ya kwanza kiingie kamusini pamoja na cha safu ya pili, kila kimoja na alama yake ya matumizi. Na mkikutana nami njiani, niamkieni mtakavyo, nitaandika.