Sauti ya kinu cha jirani



Leo ninawauliza: nyumbani kwenu mlipenda sauti gani? Mimi ninapenda kinu cha sombe wakati wa jioni. Huku Kashebere, mpakani mwa Masisi na Walikale, ukisikia jirani anatwanga unajua kwamba mama yupo, watoto watakula, na kwamba hakuna anayejiandaa kukimbia usiku. Mtu mwenye kufunga mizigo hatwangi sombe, maana sombe inakaa sana motoni.

Mwezi wa tatu mwaka 1993, vita ilipoanzia sokoni Ntoto, vinu vilinyamaza. Tangu siku zile, wengi wetu hata sahani ya bati ikianguka tunaruka. Usione haya, ndugu yangu. Sikio nalo limepata kidonda.

Nimesikiliza sana, sijaweza kutofautisha kinu cha Muhunde, cha Munyanga na cha Muhutu. (Mama zetu wanatambua nani ana haraka na nani ana hasira, lakini hilo ni jambo lingine.)

Wakubwa wa vijiji, watu wakirudi, msihesabu nyumba tu. Piteni saa kumi na moja jioni, msikilize. Penye moshi pasipo na kinu, bisheni hodi, mwulize kuna nini. Nawe jirani, mwenzako amerudi mikono mitupu: mwazime kinu chako, hata kama mliachana vibaya. Kikiwa kizito, tuma vijana wawili wakibebe.