Kantangaze haogopi pampu

Tangu kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, aonekane Tanzania mwaka 2014, jibu la wakulima wengi wa nyanya limekuwa pampu ya mgongoni. Wiki hii dawa hii, wiki ijayo iliyo kali zaidi. Wapo hata wanaochanganya mbili tatu kama viungo vya pilau.

Lakini kiwavi wa mdudu huyu, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini, hujichimbia ndani ya jani na tunda, ambako dawa nyingi hazimfikii. Jike mmoja huweza kutaga mayai hadi 260. Wachache wanaonusurika ndio wanaozaa kizazi sugu, huku dawa ileile ikiwaua wadudu rafiki ambao wangemla.

Udhibiti husishi, yaani kuunganisha mbinu mbalimbali badala ya kutegemea dawa pekee, huanza mapema zaidi: mtego wenye harufu ya jike hunasa madume, na mkulima akajua kama adui amekwishaingia. Masalia ya nyanya yakusanywe na kuteketezwa. Msimu unaofuata apande mahindi au vitunguu, siyo viazi mviringo wala bilinganya, maana hivyo ni jamii moja na nyanya. Dawa haikatazwi, ila abadilishe kundi la kiuatilifu, siyo jina la chupa tu.

Na hapo ndipo penye ugumu. Muuza pembejeo anapata faida chupa ikiuzwa; kumwambia mteja asubiri hakumwingizii kitu. Ushauri wa namna hiyo ni kazi ya afisa ugani, na wakulima wengi humwona kwa nadra. Bajeti ya kilimo ingeanzia hapo.