Anayezama Hapigi Kelele

Ndugu wakazi wa Diani na Msambweni, tumezoea kusema anayezama atapiga kelele. Si kweli. Pumzi ya kuita hana. Huzama kimya, hatua chache kutoka kwa wenzake. Mtoto akiogelea, mtu mzima amtazame, si simu.

Wengine husema ajuaye kuogelea hazami. Hata hodari huchoka. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, aliyetembea hadi mwambani hugeuka akakuta mabonde nyuma yake yameshajaa. Rudini maji yaanzapo kujaa. Mkondo ukikuchukua, usishindane nao. Ogelea sambamba na ufuo.

Ukimwona anayezama, usimrukie. Mrushie mtungi mtupu uliofunikwa na kufungwa kamba, huku ukiita waokoaji.