Matairi Makubwa, Madigadi na Kadi ya Kazi

(Maneno aliyowaambia wanachama fundi mmoja wa magari, katika mkutano wa tawi.)



Nimeombwa niseme habari ya matairi makubwa, kwa sababu kazi hii imezidi sana katika magereji yetu. Kila mwenye pikapu ama Land Cruiser siku hizi ataka gari lake lisimame juu kama yale yanayoshindana katika Rhino Charge, mashindano ya porini yaliyoanza mwaka 1989. Simlaumu. Barabara za kaskazini twazijua, na tairi kubwa husaidia kweli katika mchanga na mawe. Lakini magari mengi ya mashindano yale yamejengwa upya toka chini. La mteja wetu laletwa saa nne ya asubuhi, na saa kumi alitaka litoke, na jioni lipakiwe mizigo.

Kwanza nataka tuelewane juu ya yale mabawa ya plastiki yanayofungwa juu ya madigadi. Wateja wengi, na manyapara wengine pia, wadhani kwamba ukiisha kutia mabawa basi nafasi ya tairi imepatikana. Si hivyo hata kidogo. Bawa liko nje. Kazi yake ni kufunika tairi linalochomoza, lisirushe mawe na matope katika vioo vya watu. Ndani ya madigadi nafasi ni ile ile iliyotoka kiwandani, mpaka mtu akate bamba, au aliinue gari kwa springi, au afanye yote mawili.

Sasa hesabu, na mwenye kalamu aandike. Chukueni pikapu inayotumia tairi la 265/65R17. Kimo chake, kutoka chini hadi juu, ni kama milimita 776. Tajiri asema tia 285/70R17. Hilo ni kama milimita 831. Kimo kimezidi milimita 55, na upana umezidi 20. Nusu ya zile 55 yaliinua gari kutoka ardhini, na nusu nyingine yapanda juu kuelekea bamba la madigadi. Tena yaenea mbele na nyuma ya gurudumu, na huko ndiko linakogusa kwanza ukikata usukani.

Yafuatayo ni mambo ambayo mteja hayaoni. Tairi hilo limezidi kwa karibu sehemu 7 katika 100. Sindano ya spidi ikisema 80, gari lakwenda karibu 86, na askari akimkamata dereva hatasikiliza habari za tairi. Injini yavuta kwa taabu zaidi, kwa maana gia imekuwa kama imerefushwa. Na breki, ndugu zangu, breki ni zile zile, lakini nguvu yake pale tairi linaposhika ardhi imepungua kwa kadiri hiyo hiyo ya 7, na gurudumu lenyewe ni zito zaidi kulisimamisha. Beringi na viungo vya usukani navyo vyachukua uzito huo kila siku. Dereva wa kampuni aliyezoea gari hilo kwa miaka asipoambiwa haya, atalikanyaga kama alivyozoea.

Kulipima gari si kazi ngumu, ila yataka saa zake. Wengi wetu twalifunga tairi, twazungusha usukani kulia na kushoto gari likiwa sakafuni, twaona haligusi, twasema tayari. Hapo hujapima kitu. Gari tupu lililosimama juu ya saruji springi zake zimetulia. Lipandishe gurudumu moja la mbele juu ya magogo imara mpaka springi ibanwe kabisa, kisha kata usukani mpaka mwisho, upande huu na huu, mwenzako akichungulia kwa tochi. Fanya hivyo kila pembe. Halafu inua chesisi kwa jeki, weka vigingi, gurudumu lining'inie, na ukate usukani tena. Sasa tazama bomba la breki la mpira: je, limevutika? Je, tairi lapita karibu nalo upande wa ndani? Tazama na chesisi, tazama mkono wa springi. Mtu hutazama madigadi tu kwa sababu ndiyo yanayoonekana, na hatari iko ndani.

Ukitumia vipande vya chuma vya kulisukuma gurudumu nje, tairi litaepuka chesisi, lakini litachora duara kubwa zaidi ukikata kona na kugonga pembe ya madigadi. Na ikiwa wakata bamba, pindisha ukingo wake, usiuache kama kisu, na upake rangi siku ile ile. Wale wa Mombasa hawahitaji kuambiwa juu ya kutu. Kila tundu la skrubu la bawa ni mlango wa kutu. Kabla ya kutoboa, tia mkono nyuma ujue nyaya za taa zapita wapi.

Nitawaeleza jambo nililoliona mwaka 2015, katika gereji nilimokuwa nikifanya kazi, wala sitaitaja. Pikapu iliingia siku ya Ijumaa. Kijana wetu mmoja alifunga matairi manne makubwa na mabawa manne. Alipokata usukani, gurudumu likining'inia, aliona tairi la kushoto lapangusa bomba la breki. Akamwambia nyapara. Nyapara akamjibu, "Wewe umeajiriwa kufunga, funga." Akafunga. Baada ya majuma matatu, katika mteremko wa changarawe na mzigo nyuma, bomba lilitoboka, kanyagio likashuka, breki za mbele zikaisha. Za nyuma peke yake hazikutosha. Dereva aliligongesha gari ukingoni mwa barabara makusudi ili asianguke bondeni. Akavunjika mguu.

Basi ikawaje? Dereva akaambiwa alikuwa mbio. Fundi akaambiwa amefanya kazi mbovu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba kabla ya mtu kufukuzwa kwa kosa ni lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, tena akiwa na mfanya kazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Hayo yalifanyika. Mwakilishi wetu aliingia naye chumbani, lakini aliingia mikono mitupu. Kadi ya kazi iliandikwa hivi tu: "Tia matairi 4 na mabawa." Nyapara akasema hakuambiwa neno. Mimi nilikuwa chini ya gari la pili, nilisikia sauti zao, lakini maneno sikuyasikia yote, na sikuweza kuapa kwa nisilolisikia. Kijana akafukuzwa.

Kwa hiyo nawaomba mfanye hivi. Ukiona tairi lagusa bomba, andika katika kadi kwa mkono wako: "Tairi la mbele kushoto lagusa bomba la breki, nimemwarifu nyapara," na saa. Uiweke sahihi yako, na kama una simu, piga picha ya bomba na ya kadi. Huu si ukorofi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, yamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake anapoona hatari kubwa. Wewe watimiza sheria. Akisema funga hivyo hivyo, mwambie naye aandike. Nimeona manyapara wengi wakishika kalamu kisha wakasema, haya, mwite mteja.

Mambo mawili ya upesi. Gurudumu la akiba liwe la kimo kile kile na hayo manne, maana gari la difu mbili likiendeshwa na magurudumu yasiyolingana huumiza gia zake. Tena mara nyingi tairi kubwa haliingii mahali pa akiba chini ya pikapu. Na katika kujaza upepo, msisimame mbele ya tairi, wala mtu asithubutu kulirusha tairi kwenye rimu kwa petroli na kiberiti, hata akiwa ameona wenziwe wakifanya hivyo na kucheka. Magurudumu mazito yainuliwe na watu wawili.

Bomba lile la breki kijana alilichukua, na kabla hajarudi kwao alinipa. Hili hapa. Lipitisheni mkono kwa mkono, mpaka wa nyuma kabisa alishike. Pale lilipolika pana upana wa ukucha tu.