Nguo za Kinga na Imani za Madaktari
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Leo hatutasema juu ya mishahara. Twataka kusema juu ya kitambaa cha kuziba pua na mdomo, maana wengi wetu twakidharau, na matajiri wengine hukihesabu kuwa gharama ya bure.

Nguo ya kinga hufuata imani ya daktari juu ya ugonjwa. Katika karne ya 17 madaktari wa Ulaya waliamini kuwa tauni huletwa na hewa yenye harufu mbaya. Kwa hiyo wengine walivaa joho lililopakwa nta, na kinyago chenye mdomo mrefu kama wa ndege, kilichojazwa majani ya kunukia. Mwaka 1894 Alexandre Yersin alikiona kijidudu cha tauni huko Hong Kong, na mwaka 1898 Paul-Louis Simond alionyesha kuwa viroboto wa panya ndio wanaoueneza ugonjwa. Maneno hayo yalikuwa kweli, lakini yakazaa imani nyingine: kwamba ukiua panya umemaliza kazi, na pumzi ya mgonjwa haina neno.

Mwisho wa mwaka 1910 tauni ilishika mji wa Harbin, Manchuria. Daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, kijana wa miaka 31, alipasua maiti akakuta ugonjwa umo mapafuni. Akasema huu hupita kwa pumzi. Kila mtu azibe pua na mdomo. Kitambaa chake kilikuwa pamba kati ya tabaka za shashi, kitu cha bei ndogo kabisa.

Daktari mmoja Mfaransa, Gérald Mesny, aliyemzidi umri, hakukubali kufundishwa na kijana huyo. Aliingia kwa wagonjwa bila kitambaa. Januari 1911 akafa kwa tauni ile ile. Tangu hapo watu wa Harbin wakavaa, na kufika Machi ugonjwa ukakoma mjini. Lakini katika nchi ile walikuwa wamekwisha kufa watu kama 60,000.

Ndugu, tujifunze mambo mawili. Kwanza, tuulize hatari ni ipi kabla ya kuvaa. Kitambaa huzuia mate. Hakizuii mvuke wa dawa ya kunyunyizia mimea. Anayepewa kitambaa mahali pa kinyago chenye chujio amepewa imani tu, hakupewa kinga. Pili, tusiseme, “Tumezoea.” Mesny naye alikuwa mzoefu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe nguo za kinga zinazofaa kazi yenyewe. Akidai peke yake mmoja wetu ataitwa mkorofi. Tukidai sote tutasikilizwa. Wazee walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo.